Kitabu cha Mchezaji cha 2024: kimekamilika kwa mapigano, kina ubahili kwa misimamo ya wahusika

Kitabu ninachokizungumzia ni Player's Handbook, yaani kitabu cha mchezaji, cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, toleo la Septemba 2024, jalada gumu, kurasa 384. Bei yake Marekani kilipotoka ilikuwa dola 49.99. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi laki moja na ishirini, na hapo hujagusa gharama ya kusafirisha. Changu kimekuja kwenye begi la dada yangu kutoka Leicester, kwa hiyo gharama hiyo nimeikwepa.

Sitakipitia chote. Picha ni nzuri mno, sura ya silaha imeboreshwa, na orodha ya uganga imepangwa vizuri kuliko zamani. Hayo wengi wamekwisha kuyasifu na wamesifu kwa haki. Mimi nataka kukikagua kwa jambo moja, lile lililonivuta kwenye mchezo huu na linaloniweka hadi leo: msimamo wa mhusika. Ni yale maneno mawili unayoyaandika juu ya karatasi yako kabla hata hujachukua upanga, kueleza kama mtu wako ni wa sheria au wa vurugu, na kama ni mwema, mwovu, au yuko kati.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: mnakuwa watu wanne au watano. Mmoja anaongoza, anawaeleza dunia ilivyo na nani anawakabili. Wengine kila mmoja anabeba mtu wake mmoja, anasema huyo mtu anafanya nini. Panapokuwa na shaka mnarusha dadu ya pande 20. Mchezo unaweza kwenda miezi, hata miaka, na watu wale wale. Kwetu Tanga tunacheza Jumamosi jioni, barazani, na mimi ndiye mwongozaji. Wachezaji ni shemeji yangu ambaye ni fundi friji, mwalimu mmoja wa hisabati jirani yetu, mtoto wa kaka yangu aliyeko kidato cha sita, na rafiki yake.

Misimamo yenyewe ni mistari miwili inayokatana. Mmoja unatoka sheria hadi vurugu: huyu anashika ahadi, mila na ngazi za mamlaka, yule anafuata nafsi yake na hataki kuamrishwa. Mwingine unatoka wema hadi uovu: huyu atajitoa kwa ajili ya mtu asiyemjua, yule atamtoa mtu asiyemjua kwa ajili yake mwenyewe. Kila mstari una katikati yake, na hapo unapata nafasi tisa. Mwema wa sheria anafanya lililo sawa kwa njia ambayo jamii inaitarajia. Mwema wa vurugu anafanya lililo sawa kwa kusikiliza dhamiri yake, jamii iseme itakavyo. Mwovu wa sheria anachukua anachokitaka, lakini ndani ya mipaka ya kanuni, ukoo au kiapo. Mwovu wa vurugu anaumiza tu, kwa tamaa au chuki. Waliobaki utawapanga mwenyewe.

Watu wengi huniambia kwamba mpango huu ni wa kitoto, kwamba binadamu hawezi kuandikwa kwenye chumba kimoja kati ya tisa. Napinga, na napinga kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Nafungua majalada, naandika hati za wito, napokea vielelezo. Kila siku naona sheria na wema vikipishana mlangoni bila kusalimiana. Anakuja mkopeshaji wa ile mikopo ambayo mtaani wanaiita kausha damu. Ana mkataba, ana saini, ana dole gumba, ana mashahidi wawili. Hakuna karatasi iliyopungua. Na mama aliyekopa ili alipe ada ya mtoto anaondoka bila cherehani yake, kitu pekee kilichokuwa kinamlisha. Mpe mchezaji mgeni mfano huo na hatauliza tena mwovu wa sheria ni mtu gani. Mpango wa tisa una faida hiyo kubwa: unamlazimisha mtu atenganishe maswali mawili ambayo tumezoea kuyauliza kama moja. Je, umefuata utaratibu? Je, umemtendea mwenzako wema? Hakuna mchezo mwingine ninaoufahamu unaokulazimisha kuyajibu yote mawili kabla hujaanza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo ulipotoka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, misimamo ilikuwa mitatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Viumbe walipangwa kwenye safu tatu, na ukiisoma ile orodha unaona wazi ilikuwa hasa ya kujua nani atasimama upande gani vita vikianza. Michezo ya vita ya mezani ndiyo iliyouzaa mchezo huu, na alama bado ilikuwa inaonekana. Februari 1976 Gygax aliandika makala ya kuongeza mstari wa pili, wema na uovu, na kitabu cha mchezaji cha 1978 kikaweka nafasi zote tisa.

Kikaweka na adhabu pia. Paladini, askari aliyejiweka wakfu, alikuwa lazima awe mwema wa sheria. Akifanya tendo la vurugu kwa kujua, amtafute kasisi wa cheo cha juu, aungame, alipe kitubio. Akifanya uovu kwa kujua na kwa hiari yake, upaladini umekwisha na haurudi. Anabaki mpiganaji wa kawaida. Kitabu cha mwongozaji cha 1979 kikasema anayebadilika msimamo anapoteza ngazi nzima ya uzoefu, kazi ya wiki nyingi mezani. Kila msimamo ulikuwa hata na lugha yake ya siri, ambayo wenye msimamo huo waliielewa.

Sitaki adhabu hizo zirudi, na nasema hivyo nikijua kuna wachezaji wakongwe wanazililia. Mwongozaji anayemshusha mtu ngazi kwa tendo moja amejifanya hakimu, mwendesha mashtaka na askari magereza kwa wakati mmoja, na wachezaji wanaanza kucheza kwa kumtazama yeye usoni badala ya kuitazama dunia iliyo mbele ya wahusika wao. Pia uovu uligeuzwa kuwa kitu cha kupimwa kama joto. Toleo la tatu la 2000 lilimpa paladini uwezo wa kutambua uovu kila atakapo. Anaingia sokoni, anawapima wauzaji, mmoja anaonekana mwovu, upanga unatoka. Yule mtu alikuwa amefanya nini? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu uganga ulishajibu. Kama kuna kitu kinachomkera karani wa mahakama, ni hukumu isiyo na shauri.

Kufikia toleo la 2014 mzizi huo ulikuwa umekatwa. Uganga wa kutambua uovu na wema ukabaki na jina lake, lakini sasa unatambua aina ya kiumbe: malaika, mashetani, wafu wanaotembea na wengine wa namna hiyo. Mtu wa kawaida hapimwi tena. Paladini naye akafunguliwa mlango, akawa wa msimamo wowote, na badala yake akafungwa na kiapo alichokichagua mwenyewe. Naona haya ni maamuzi mawili bora kabisa katika historia ya mchezo huu. Kiapo kina maneno. Unaweza kukisoma kwa sauti mezani na kumuuliza mtu, hili unalotaka kulifanya linakaa wapi hapa?

Na toleo hilo la 2014 lilifanya jambo lingine ambalo sikuona likisifiwa vya kutosha. Kila historia ya mhusika, awe mhalifu, askari, mtawa au mwana wa mtukufu, ilikuja na meza za tabia, maadili anayoyaamini, watu au vitu alivyofungamana navyo, na udhaifu wake. Kwenye maadili, kila sentensi ilikuwa imebandikwa upande wake. Chukua mhalifu. Mmoja haibi kutoka kwa wezi wenzake: hiyo ni sheria. Mwingine anawaibia matajiri ili awasaidie wenye shida: huo ni wema. Wa tatu anataka kuvunja kila mnyororo: vurugu. Wa nne atafanya lolote apate mali: uovu. Wote wanne ni wezi! Mchezaji mgeni akizisoma zile sentensi kwa dakika tano anakuwa ameelewa misimamo kuliko kwa kusoma ufafanuzi wowote. Halafu mwongozaji alipewa zawadi ya kumpa mchezaji aliyeishi kulingana na maadili au udhaifu wake, nafasi ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Mwenendo ulikuwa na malipo, madogo lakini ya kweli.

Sasa fungua cha 2024. Kuchagua msimamo ni hatua ya nne kati ya tano za kutengeneza mhusika. Nafasi tisa zipo, zimeelezwa kwa sentensi chache chache, kwa maneno yanayofanana sana na ya zamani. Kuna jedwali la maneno ya tabia yanayoendana na kila upande, kama huruma kwa wema na uasi kwa vurugu. Kuna ushauri kwamba anayetaka mhusika mwovu azungumze kwanza na mwongozaji wake. Halafu unafungua ukurasa, na msimamo umeisha. Historia za wahusika zimeongezeka kutoka 13 hadi 16, lakini zile meza za maadili, vifungo na udhaifu zimeondolewa zote. Mahali pake pana nyongeza za nguvu, akili na wepesi, kipaji cha kuanzia, ujuzi, kifaa cha kazi. Ile zawadi ya mwenendo nayo imebadilishwa. Sasa inakuwezesha kurudia dadu uliyokwisha kuirusha, na mhusika ambaye ni mwanadamu anaipata kila akiamka baada ya usingizi mrefu. Mwongozaji bado anaweza kuitoa kwa mwenendo mzuri, ila kamba iliyoifunga na maadili ya mtu imekatwa.

Hili linaniuma. Kitabu kimeacha maneno tisa juu ya karatasi na kuondoa karibu kila kitu kilichoyafanya yawe na uzito. Sheria ya namna hii huku kwetu tunaiita kibogoyo. Mchezaji mpya anaandika mwema wa kati kwa sababu inasikika vizuri, na hairudii tena ile sehemu ya karatasi hadi mhusika anapokufa.

Kuna upande mmoja ambao cha 2024 kinastahili sifa kamili, nami naitoa kwa moyo wote. Kwenye kitabu cha mazimwi cha 2014, orki, mmoja wa jamii za viumbe wa kubuni wa mchezo huu, aliandikwa mwovu wa vurugu. Kwenye kitabu cha mchezaji, kila jamii ilikuwa na aya ya msimamo: mbilikimo wa milimani wengi ni wa sheria, wale wadogo wa mashambani wengi ni wema na wa sheria, nusu-orki wamerithi mvuto wa vurugu kutoka kwa wazazi wao. Toleo jipya limeziondoa aya hizo, na orki sasa ni mmoja wa watu unaoweza kuwacheza tangu mwanzo, bila kuandikiwa tabia. Wapo waliolalamika kwamba mchezo umepoteza maadui wa kupigwa bila maswali. Mimi nimeona barazani kwangu mwenyewe tofauti yake. Kila mtu hapa mjini amewahi kusikia watu wa mahali fulani ndivyo walivyo, usimpangishe, usimkopeshe, usimwoze binti yako. Sihitaji kulichapisha hilo kwenye kitabu na kumkabidhi kijana wa kidato cha sita. Mashetani wa kuzimu wabaki waovu kwa asili, maana ndivyo walivyoumbwa kwenye hadithi yenyewe, na hilo halimsingizii mtu. Lakini mwenye mama na kijiji na njaa aachwe achague.

Msimamo una faida gani basi pale mezani? Nitaeleza tukio moja kwa urefu.

Kundi langu lilivamiwa njiani na magoblini, viumbe wadogo wa hadithi. Walishinda, wakamkamata mmoja akiwa hai. Mtoto wa kaka yangu anacheza askari aliyeandikwa mwema wa sheria. Akampigia magoti yule mfungwa, akamwambia: sema kambi iko wapi, utabaki hai. Goblini akasema. Akaeleza mlango wa nyuma, idadi ya walinzi, kila kitu. Kisha shemeji, ambaye mhusika wake ni mfanyabiashara mwovu wa sheria, akauliza kwa upole kabisa: na huyu tunamfanyaje? Mwalimu akasema tukimwachia atakimbilia kambini kabla yetu. Rafiki wa kijana akachomoa kisu.

Kijana akanigeukia. “Shangazi, kwani nikimwacha wamuue mimi nimevunja nini? Mkono si wangu.”

“Ulimwambia nini?” nikamuuliza.

“Nilimwambia atabaki hai.”

“Ulisema mimi sitakuua, au ulisema utabaki hai?”

Alikaa kimya muda mrefu. Shemeji akaingilia, na hapo ndipo nilipompenda mhusika wake. “Mwanangu,” alisema, “ahadi imetoka mbele ya kundi lote na hakuna aliyeikana. Mimi sivunji mkataba. Mfungeni, tumbebe.” Mwovu alisimama na mwema kwa sababu ya sheria, na mwalimu, ambaye ni mwema wa kati na ana roho safi kuliko wote pale, ndiye aliyekuwa anahesabu faida ya kumwua. Walimbeba. Walichelewa. Kambini walikuta walinzi wameongezwa, kwa sababu doria ilishaona mwenzao hajarudi. Walipoteza farasi mmoja na karibu wampoteze yule rafiki wa kijana. Hakuna aliyeshushwa ngazi, hakuna aliyepewa zawadi. Lakini baada ya muda yule goblini alirudi, akaja mwenyewe kwenye geti la mji akiwa na wenzake wawili, akasema anamtafuta askari anayesema kitu kikawa.

Kama msimamo usingekuwepo kwenye karatasi ya kijana, yule goblini angekufa ndani ya sekunde kumi na tungeendelea kurusha dadu. Maneno mawili yalimfanya asimame ajiulize. Kitabu cha 2024 hakina hata mfano mmoja wa namna hii, mfano wa mahali ambapo wema unagharimu farasi, na nadhani mwongozaji mpya anauhitaji mfano kama huo kuliko picha nyingine ya joka.

Kuna na tatizo la zamani ambalo kitabu kimelikosea shabaha. Kimeweka mlinzi kwenye mlango wa uovu: omba ruhusa kwanza. Kwa uzoefu wangu, mwovu aliyefikiriwa vizuri hasumbui. Shemeji hajawahi kuwaibia wenzake hata senti, kwa sababu anawahitaji na kwa sababu mikataba yake ndiyo heshima yake. Anayesumbua ni wa kati wa vurugu. Ndiyo nafasi ambayo mtu huichagua akitaka kufanya lolote linalomjia kichwani, kumwibia mwenzake akilala, kumtukana mfalme katikati ya mazungumzo ya amani, kuchoma nyumba ya wageni, halafu aseme ndivyo mhusika wangu alivyo. Huyo ndiye anayevunja meza. Kitabu kinamweleza kama mtu anayefuata matakwa yake na kuthamini uhuru wake kuliko kitu kingine, kisha kinamwachia. Sentensi tatu za tahadhari zingetosha. Ningeandika hivi: uhuru wako ni wako, lakini eleza ni nini usichoweza kuishi bila kukilinda. Mtu asiye na kitu anachokilinda hana uhuru wa kupigania, na hadithi haina pa kumshika.

Nilipofika hapo nilianza kutazama jirani wanafanya nini. Kampuni ya Paizo, wenye mchezo wa Pathfinder, Novemba 2023 walitoa vitabu vilivyorekebishwa vya toleo lao la pili na wakaiondoa misimamo tisa kabisa. Mahali pake wameweka amri na miiko: mambo ambayo mhusika wako au mungu wake anayataka yafanyike, na mambo ambayo hatayafanya hata iweje. Mwiko mtu wa huku haelezwi mara mbili. Fundi ana miiko yake, mganga ana miiko yake, ukoo una wa kwake. Nasema bila kuzungukazunguka kwamba kwa jambo hili moja kitabu cha Paizo kimewapita wenzao wa Wizards of the Coast, wachapishaji wa kitabu hiki ninachokikagua. Mwiko unakatika au haukatiki. Huhitaji mwongozaji akupime roho.

Hata hivyo sikuvitupa vyumba vyangu tisa. Mwiko peke yake hauulizi yale maswali mawili niliyoyataja juu, ya utaratibu na ya wema. Unaweza kuwa na miiko kumi na usijue kama mtu wako ni mkarimu. Kwa hiyo barazani kwetu tumeviunganisha. Kila mchezaji anaandika msimamo wake kama zamani, kisha chini yake anaandika miiko miwili inayotokana nao, kwa maneno yake, na anaisoma mbele ya wenzake kabla hatujaanza. Akiuvunja, hakuna adhabu kutoka kwangu. Watu wa dunia ile ndio wanaojua, wanaokumbuka, wanaofunga milango au kuifungua.

Mwalimu wa hisabati aliandika kwamba kasisi wake hapiti penye maiti bila kuizika. Alipoiandika ilionekana ndogo. Wiki zilizofuata walikuwa wanakimbizwa na mbwa wa kivuli kwenye tambarare ya majivu, na njiani wakakuta miili ya wasafiri wa msafara mzima. Mwalimu akaweka kalamu chini akasema, “Mimi nachimba.” Wenzake walimsihi. Kijana alimwambia, “Mwalimu, hawa hatuwajui!” Akajibu kwamba ndiyo maana hasa anachimba, kwa sababu wanaowajua hawapo. Kundi likabaki, likapigana likiwa limezunguka makaburi, usiku kucha wa mchezo, na hadi sasa hakuna pambano wanalolizungumzia zaidi ya lile. Pambano hilo halimo kwenye kitabu chochote cha matukio nilichokinunua. Lilitoka kwenye mstari mmoja wa karatasi ya mwalimu.

Nina lawama moja ndogo zaidi juu ya cha 2024, na ni ya mpangilio. Msimamo unakuja baada ya kuchagua kazi, asili na namba zote za uwezo. Mtu akifika hapo tayari ameshajenga mashine yake ya kupigania, na msimamo anaubandika kama rangi ya mwisho. Ninapompokea mchezaji mpya namgeuzia hatua: kwanza msimamo na miiko, kisha ndiyo tunajadili kama ni mpiganaji au mchawi. Mchezaji mmoja mgeni alikuja akitaka mchawi wa moto, akaondoka na mganga wa mifugo, na hakulalamika.

Unaponunua, pima hivi. Kama tayari mnacheza na mnataka sheria za mapigano zilizonyooka, kazi za wahusika zilizosawazishwa na kitabu kinachopendeza kukishika, cha 2024 ni kizuri na pesa yako haijapotea. Kwa kazi ya misimamo peke yake, usikinunue. Tafuta cha 2014 kilichotumika, hasa kwa ajili ya zile meza za historia na maadili, kurasa ambazo bado ninazitumia kila mchezaji mpya akija. Na kama mfuko hauruhusu hata kimoja, hati ya kanuni za msingi za toleo la 2014 ilitolewa Januari 2023 kwa leseni huria ya Creative Commons, bure kabisa, na misimamo tisa imo. Mimi niliipeleka stesheneri, nikachapisha kurasa za kutengeneza mhusika tu, nikafunga spairo. Hiyo ndiyo inayozunguka mikononi barazani, ina madoa ya chai, na nafasi ya miiko miwili tumeichora wenyewe kwa kalamu pembezoni.

Alama zangu kwa Player's Handbook cha 2024: mapigano nane kati ya kumi, picha tisa, jamii zisizohukumiwa kwa asili zao kumi kamili. Misimamo ya wahusika, nne.